Kitabu cha Kichina chini ya godoro

KAMA umewahi kulea kijana wa mtu mwingine nyumbani mwako, utanielewa nikikuambia kwamba siku niliyoinua godoro la mpwa wangu nilitarajia kupata bangi. Sikupata bangi. Nilipata kitabu.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Julai mwaka 2019. Kijana huyo, mtoto wa dada yangu mkubwa, alikuwa amekaa nasi hapa Nairobi kwa miezi sita akisomea uhasibu. Hivyo ndivyo nilivyoamini, maana karo nilikuwa nikimkabidhi mkononi mwanzo wa kila muhula. Lakini siku hizo alikuwa akirudi jioni na kujifungia chumbani, na mara mbili tatu mama watoto alimsikia akisema peke yake. "Mtoto huyu ana jambo," akaniambia. "Anaongea na ukuta." Nami, kama mzazi yeyote wa mjini, nikafikiria lile ambalo wazazi wa mjini hufikiria kwanza.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha kuwafunza Kichina wanaoanza, kimechakaa pembeni kwa kushikwashikwa. Ndani yake mlikuwa na karatasi za miraba zilizojazwa alama kwa penseli, alama ileile mara hamsini, kama adhabu ya shuleni. Nyuma, kwenye jalada la ndani, alikuwa amebandika kipande cha gazeti. Nilikisogeza dirishani nikisome vizuri, na moyo ukanipiga paa. Yalikuwa makala yangu mwenyewe.

Hapo sina budi kukurudisha nyuma kidogo. Mnamo Januari mwaka huo wa 2019, taasisi inayoshughulikia mitaala ya shule zetu, KICD, ilitangaza kwamba kuanzia mwaka 2020 wanafunzi wa Gredi ya Nne wangeweza kusomeshwa Kichina, pamoja na lugha nyingine za kigeni kama vile Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu. Nilipoisoma habari hiyo nilishika kalamu kwa hasira. Niliandika kwamba taifa ambalo watoto wake hawawezi kumwamkia bibi yao kwa lugha ya mama, na ambalo mawaziri wake huvunja Kiswahili hadharani bila haya, halina haja ya kukimbilia lugha ya tatu ya ng'ambo. Niliandika kwamba anayekujengea barabara leo na kukufunza kusema kesho, keshokutwa atakuamulia la kusema. Barua za kunipongeza zilikuwa nyingi. Jioni makala yalipotoka niliyasoma kwa sauti mezani, na mpwa wangu, aliyekuwa ametoka Kibwezi wiki hiyohiyo, alikula githeri yake polepole bila kuinua macho.

Basi siku ile ya kitabu nilimngoja sebuleni. Alipoingia akakiona kwenye meza, hakukana wala hakulia.

"Karo yangu umeila," nikamwambia.

"Sikuila, mjomba. Nimeisomea."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua ungekataa. Ulikuwa umeshakataa gazetini."

Nikamuuliza, basi, kwa nini akayabandika makala yangu humo kitabuni. Akatazama chini, kisha akasema: "Nikichoka huwa nayasoma. Nikiyasoma napata hasira ya kuendelea."

Sikujua nicheke au nimzabe kofi. Nilichofanya ni kumwambia kwamba hatapata shilingi nyingine kutoka kwangu kwa ajili ya Kichina. Alinyamaza. Wiki iliyofuata alianza kuamka saa kumi za alfajiri kwenda stejini kuosha matatu kabla hazijaanza kubeba abiria, na pesa hizo ndizo alizolipia masomo. Hakuniomba tena, na hilo, nakiri mbele yako, liliniuma kuliko uongo wake.

Sasa huenda unajiuliza, kama nilivyojiuliza mimi, kijana wa Kibwezi alikitoa wapi Kichina. Alikitoa kwenye reli. Wakati reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi ilipokuwa ikijengwa, kabla ya kuzinduliwa Mei 31, 2017, yeye alikuwa mvulana wa shule, na njia ya kwenda shuleni ilipita karibu na mahali pa kazi. Aliona wanaume wa kwao wakisubiri kuajiriwa tangu alfajiri, wazee wenye nguvu na ufundi, na mmoja tu kati yao aliyekuwa amejifunza maneno ishirini ya Kichina. Huyo mmoja, asema, hakubeba jiwe hata siku moja. Alisimama kivulini kando ya mkubwa wa kazi, na wengine wote walipotaka jambo, iwe maji, ruhusa ya mazishi au mshahara uliopungua, walipitia kwake. "Na alikuwa mjinga, mjomba," aliniambia. "Hakuwa na akili kuwashinda wale wengine. Alikuwa na maneno ishirini."

Niliposikia hayo nilimkumbuka marehemu baba. Alikuwa na redio ya masafa mafupi, kubwa kama kreti ya soda, na jioni miaka ile ya 1990 alikuwa akizungusha kisu chake kwa subira mpaka akaipata Idhaa ya Kiswahili kutoka Beijing. Sisi watoto tulikuwa tukicheka lafudhi ya watangazaji. Baba hakucheka. Alikuwa akisema, "Msikilizeni Mchina huyu. Hapotezi ngeli." Idhaa hiyo ilianza mwaka 1961, kabla ya Kenya kupata uhuru, na miaka hiyohiyo ya 1960 vyuo vya Beijing vikaanza kufundisha Kiswahili darasani. Wachina walipokuja Tanzania na Zambia kujenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kati ya mwaka 1970 na 1975, walikuja na wakalimani wao. Waama, hakuna aliyewaandikia makala ya kuwalaumu kwa kuacha lugha yao. Walijua wanakokwenda, wakajifunza kusema na wenyeji. Sisi tulijengewa yetu miaka arobaini baadaye, na tulikuwa na yule wa maneno ishirini.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa upesi, na mwanahabari akitaka kumshinda mtoto kwa hoja huenda kutafuta hoja. Nilikusanya kila nililoweza kulipata juu ya jinsi Kichina kinavyosambazwa duniani, nikiwa na nia ya kuandika makala ya pili, makali kuliko ya kwanza.

Mambo yenyewe ni hivi. China ilifungua Taasisi ya Confucius ya kwanza mjini Seoul, Korea Kusini, Novemba 2004. Ya kwanza barani Afrika ilifunguliwa papa hapa kwetu, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Desemba 2005. Zikafuata za Chuo Kikuu cha Kenyatta, cha Egerton na cha Moi. Katika miaka kumi na mitano tu zilipita 500 kote ulimwenguni. Wazo la kueneza lugha ya nchi kwa njia hiyo si la Wachina. Wafaransa walianzisha Alliance Française mwaka 1883, Waingereza British Council mwaka 1934, na Wajerumani Goethe-Institut mwaka 1951, na wote hao wamekuwa na milango yao hapa Nairobi kwa miaka mingi. Tofauti ni kwamba wale hukodi nyumba yao barabarani, ilhali Wachina waliingia ndani ya vyuo vikuu vyenyewe, chuo cha kwao kikishikana mkono na chuo cha mwenyeji, na walimu na vitabu vikitoka China.

Hapo ndipo wengine walipoanza kukuna vichwa. Mwaka 2014 chama cha maprofesa wa vyuo vikuu vya Marekani kilivitaka vyuo vivunje mikataba hiyo au viiandike upya, kikisema kwamba chuo hakipaswi kuiachia serikali ya kigeni iamue nani afundishe na nini kisizungumzwe. Walikuwa na mambo kama Tibet, Taiwan na mauaji ya uwanja wa Tiananmen ya mwaka 1989. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Chicago kilijitoa. Sweden, ambayo ilikuwa ya kwanza barani Ulaya kuipokea taasisi hiyo, ilizifunga zote. Marekani ilikuwa na takriban 100. Baada ya sheria ya mwaka 2018 kuvinyima vyuo vilivyo nazo baadhi ya pesa za Wizara ya Ulinzi, karibu zote zilifungwa. Afrika Kusini, ilipotangaza kwamba shule zingeanza kutoa Kichina kama somo la hiari mwaka 2016, chama kikubwa cha walimu huko kilisema ni ukoloni mpya.

Nilifurahi, msomaji wangu. Nilifurahi kama mtu aliyeokota noti. Nikampangia mpwa wangu mambo hayo yote mezani, moja baada ya jingine, kama kiongozi wa mashtaka.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mjomba, hao wa Chicago wamefunga mlango mmoja, lakini Kichina wanaendelea kukisoma. Wana maprofesa wao, wana vitabu vyao. Mimi nikifungiwa huu mmoja, nitakwenda wapi?"

Nikamuuliza kama mwalimu wao amewahi kutaja Tiananmen. Akasema hajataja. Nikamuuliza kama yeye amewahi kumuuliza. Akasema hajauliza. Tukanyamaza sote wawili, na mama watoto akaja akaondoa sahani.

Sijui niliitoa wapi makala ile ya pili nafasi yake, lakini sikuiandika. Nadhani ni kwa sababu usiku ule nilikumbuka kile kibao. Kama ulisoma shule ya msingi mashambani miaka ya 1990 unakijua: kipande cha mbao chenye uzi, anayesema lugha ya nyumbani anavishwa shingoni, naye anakaa akivizia mwingine ateleze ili amvishe, na jioni wote waliokivaa wanachapwa. Mimi nilikivaa kwa kuomba maji kwa Kikamba. Kiingereza nilichonacho, kinachonipa mkate nikienda kuhoji mabalozi, kiliingia mwilini mwangu kwa fimbo. Mpwa wangu Kichina chake hakuna aliyemchapia. Alikioshea matatu.

Basi nikaanza, kwa siri yangu, kumsikiliza. Kile alichokuwa akiambia ukuta kilikuwa ni sauti nne. Kichina, kama hujui, kina maneno mafupi mafupi ambayo maana yake hugeuka kulingana na jinsi unavyoipandisha au kuishusha sauti. Neno "ma" ukilinyoosha juu ni mama. Ukilipandisha ni katani. Ukilizamisha kisha ukaliinua ni farasi. Ukiliangusha ghafla ni kutukana. Mtu anaweza kukusudia kumsifu mama yako akaishia kwenye farasi. Waswahili tupu hutaabika sana na jambo hilo, maana Kiswahili hakina mchezo huo. Mpwa wangu hakutaabika. Kikamba nacho hupandisha na kushusha sauti, na yeye alilelewa na mama yangu mzazi, huko Kibwezi, kwa Kikamba kitupu. Mwalimu alipomuuliza sikio hilo kalipata wapi, alijibu kwamba ni la susu wake, yaani bibi.

Maandishi ndiyo yaliyonishinda kabisa, ingawa alinifundisha machache na hayajanitoka. Alama ya mti ni kama mti wenye matawi. Ukiandika miti miwili pamoja unapata kichaka, mitatu ni msitu. Ukimweka mtu kando ya mti, hiyo ni kupumzika. Binti yangu, aliyekuwa na miaka minane, alijaza ukuta wa jikoni watu waliopumzika chini ya miti, na ilibidi tupake rangi upya.

Wakati huo mtihani wa Kichina wa HSK ulikuwa na ngazi 6. Ya kwanza ilikutaka ujue maneno 150, ya nne 1,200, ya sita 5,000. Kufikia mwanzo wa mwaka 2020 alikuwa amepita ya tatu, na akapata nafasi ya kwenda kusoma lugha mwaka mzima mjini Tianjin kwa ufadhili. Dada yangu alikuja kutoka Kibwezi na kuku wawili wa kumuaga. Tuliwala hao kuku bila mtu wa kuagwa, kwa maana corona iliingia, na mwishoni mwa Machi 2020 China iliwafungia mipaka wageni karibu wote. Wanafunzi wa kigeni walingoja zaidi ya miaka miwili.

Masomo yakaja kwa simu. Saa za China zimetutangulia kwa saa tano, hivyo darasa la saa mbili za asubuhi Tianjin kwetu lilikuwa saa tisa za usiku. Kwa mwaka mzima kijana huyo alikaa sebuleni gizani, blanketi mabegani, akiongea na ukuta tena. Bando za intaneti nilianza kumnunulia mimi. Hakuniomba, niliziweka tu kwenye simu yake, naye hakusema kitu, ila siku ya pili niliona viatu vyangu vimepigwa rangi. Mwaka ulipokwisha alitumiwa cheti. China yenyewe hakuiona.

Alipata kazi mwaka 2022, kwenye ujenzi wa jumba la ghorofa katika mtaa mmoja wa hapa Nairobi. Mkalimani, ndilo jina la kazi. Nilidhani kazi hiyo ni kuhamisha maneno kutoka mfuko huu kwenda mfuko ule. Yeye ndiye aliyenieleza ilivyo. Vibarua walimwita "wa Mchina" na walinyamaza akikaribia. Wachina nao walikula meza yao, na alipokaa pamoja nao walizungumza haraka zaidi. Chakula alikula peke yake kwenye ngazi.

Siku moja fundi wa mawe, mzee mwenye mvi, alimjia msimamizi wa Kichina akiwa amekunja uso. Mshahara wake ulikuwa umekatwa siku tatu na hakujua ni kwa nini. Mpwa wangu akasimama katikati. Mzee akasema aliyoyasema, kisha akamalizia: "Na umwambie huyu mkubwa wako, mimi si punda wa baba yake!"

Kijana akafikiri. Mzee wa umri ule, akifukuzwa, nani atamwajiri? Akatafsiri kwa adabu: mzee anasema amechoka, anaomba hesabu yake iangaliwe.

Yule msimamizi, aliyekuwa amekaa Kenya miaka mingi, alimtazama mpwa wangu kwa muda. Kisha akasema kwa Kichina: "Nimesikia 'punda'. Katika maneno yako, punda ameenda wapi?"

Miguu ilimwisha nguvu. Hapakuwa na njia ila kumrudisha punda mahali pake, pamoja na baba. Akayasema yote, neno kwa neno, akingoja ngurumo. Msimamizi hakunguruma. Aliagiza daftari. Alilisoma, akauliza mzee amekosa kazi siku ngapi. Mzee akasema hakukosa hata moja. Daftari la Wachina nalo lilisema hakukosa hata moja, na pesa za siku zote zilikuwa zimetoka.

Aliyezikata ni mwenzetu. Ni Mkenya, mtu wa kuleta vibarua kwa mkataba, aliyekuwa akipokea pesa za wote upande ule na kuzigawa upande huu. Kwa miaka miwili alikuwa akiwaambia vibarua kwamba Wachina ni wabahili, na akiwaambia Wachina kwamba vibarua ni watoro, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kusikia pande zote mbili, aliaminiwa na wote.

Ungependa kusikia kwamba kijana alipandishwa cheo. La hasha. Mzee alilipwa siku zake tatu, na yule bwana akaonywa, lakini vibarua bado walihitajika na ni yeye aliyejua kuwaleta. Baada ya wiki mbili mpwa wangu aliambiwa kwamba kazi ya ukalimani imepungua. Msimamizi wa Kichina alimwaga kwa kumpa mkono na pakiti ya majani ya chai. Hakumtetea.

Alikaa nyumbani miezi mitatu. Katika miezi hiyo, Desemba ilipofika, tulikwenda sote Kibwezi, tukapanda ileile reli. Mama yangu amezeeka, masikio bado makali, na alikuwa amewangoja wajukuu. Binti yangu na kakake wakakaa mbele yake kwenye mkeka. Akawauliza jambo kwa Kikamba. Wakanitazama. Akawauliza tena, polepole. Binti yangu akatabasamu, akasema kwa Kiingereza kwamba haelewi.

Mpwa wangu akasogeza kigoda chake, akakaa katikati yao. Bibi akasema, yeye akawageuzia. Watoto wakajibu, yeye akamgeuzia bibi. Waliongea hivyo mpaka giza likaingia, habari za shule, za mbuzi, za babu yao na ile redio yake. Mama alicheka mpaka akapangusa machozi kwa ncha ya leso. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai kilichopoa. Niliandika gazetini kwamba Kichina kitawafanya watoto wetu washindwe kumwamkia bibi yao. Wangu walikuwa wameshashindwa, na Kichina hawakijui hata neno, ukitoa ule mti na mtu wa ukuta wa jikoni. Lugha yao niliinyima mimi, nyumbani kwangu, kwa kuona raha wakinijibu kwa Kiingereza mbele ya wageni.

Sikusema, msomaji, kwamba wale maprofesa wa Chicago walikosea. Mwenye kulipia darasa ana sababu zake, na mpwa wangu ajua hivyo kuliko mimi, maana ameketi humo. Mwaka 2020 China yenyewe iliibadilisha ofisi iliyosimamia taasisi hizo, ikaunda shirika lenye jina jipya, na hiyo ni dalili kwamba maneno ya watu yaliwafikia. Nikipata nafasi ya kuuliza kuhusu mikataba ya vyuo vyetu, nani ameitia sahihi na imesema nini, nitauliza. Ila nitauliza nikijua kwamba kuna kijana aliyebandika makala yangu nyuma ya kitabu.

Sasa ana kazi mahali pengine. Juzi usiku alikuja na karatasi. Huko kwao matangazo ya usalama yamebandikwa kwa Kichina na Kiingereza, na vibarua wengi huyapita kama picha. Ameomba ruhusa ayaandike kwa Kiswahili, akapewa, na alitaka nimsaidie. Nilivaa miwani kwa fahari. La kwanza lilihusu kile chombo cha kukinga kichwa.

"Chepeo," nikasema mara moja. "Hilo ndilo neno sanifu."

Akaliandika, akalitazama. "Mjomba, fundi wa mawe atalijua chepeo?"

Nikakaa kimya. Nikataja kofia ya chuma, lakini zile ni za plastiki. Nikamuuliza Wachina wanasemaje. "Anquan mao," akasema. "Anquan ni usalama. Mao ni kofia."

"Basi wamekumalizia kazi."

Akaandika kwa herufi kubwa: VAA KOFIA YA USALAMA. Binti yangu, ambaye alipaswa kuwa amelala, alikuwa ameegemea bega lake akitazama kalamu inavyokwenda.

"Na kwa Kikamba?" akauliza.

Akamwambia. Akalirudia neno vibaya, wakacheka, akalirudia tena. Mimi nikavuta tangazo la pili, linalohusu ngazi, nikaanza kulisoma.